Gari litafia wapi? Canter ya pampu na Elf ya komonreli kwa macho ya fundi wa Masasi

Minada ya korosho ikikaribia, wanaofika gerejini kwangu Masasi hawaji kutengeneza tu. Wengine wanakuja na picha za magari kwenye simu. Mtu ameuza ufuta, au familia imechangishana, anataka lori dogo la tani tatu na nusu au nne liwe barabarani kabla ya Oktoba, na anataka fundi aseme neno moja: lipi? Mara nyingi picha zinakuwa mbili. Ya kwanza ni Mitsubishi Canter ya miaka ya tisini, injini 4D33 ya lita 4.2, pampu ya dizeli ya kizamani, haina tabo, ile feni inayosukumia injini hewa. Ya pili ni Isuzu Elf ya 2007 au zaidi, injini 4JJ1 ya lita 3, ina tabo na mfumo wa komonreli, yaani mafuta yanarushwa kwa kuongozwa na umeme.

Zamani swali hilo nilikuwa nalijibu kabla muulizaji hajarudisha simu mfukoni: chukua Canter. Siku hizi na mimi nauliza swali langu kwanza. Hilo gari litakuwa linafia wapi? Kwa sababu kufa litakufa. Lori la mtumba likikosa kufa na mzigo mwaka huu, litakufa nao mwaka ujao, na tofauti kubwa ya haya mawili inaonekana saa hiyo: nani yuko pale, ana nini mkononi, na spea iko umbali gani. Nimeyatengeneza yote mawili na nimeyamiliki yote mawili. Fundi na mwenye gari waliomo ndani yangu hawajapatana mpaka leo, kwa hiyo nitawaacha kila mmoja aseme lake.

Fundi anasema: pampu

Walionifundisha kazi walikulia kwenye barabara ya Dar ya enzi za pantoni, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003. Mvua zikishika, lori likikwama kati ya Ndundu na Nangurukuru unalala nalo. Hakuna simu, wala basi la kuletea kifurushi cha spea. Ukiwa na boksi la spana, kipande cha raba na akili, unatoka. Ukikosa, unaanza kutafuta kuni za kupikia. Mapenzi ya mafundi wa Kusini kwa dizeli ya zamani yalitoka huko, wakaturithisha.

Na injini yenyewe inastahili kupendwa. Dizeli haina plagi za cheche wala koili. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inapata moto wa kuwasha mafuta yakirushwa tu. Canter ya pampu ikishawaka, umeme unabaki na kazi ya taa na honi. Altaneta ikifa Mtama mchana, gari linafika Mtwara, na asubuhi vijana wanalisukuma linawaka.

Mafuta yameingia hewa? Fungua skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, funga, washa. Injini inamisi, silinda moja haichomi? Iache isilensa, inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, chukua spana namba 17, legeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza, kile kirushio cha mafuta cha silinda. Mlio ukibadilika na injini ikazidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza, hamia ya pili. Utakapolegeza bomba na injini isishtuke hata kidogo, mgonjwa umempata. Nozeli yake unaitoa, unaifunga kwenye mashine ya mkono ya kupimia, unatazama inavyopuliza. Ikitoa ukungu laini, nzima. Ikidondosha matone, badili ncha. Shinikizo la kuifungua ni bar 200 hivi, nalo unalipandisha au kulishusha kwa vishimu vyembamba vilivyo ndani yake. Kijana mwenye masikio mazuri anaijua kazi hiyo mapema sana, na akiijua hasahau.

Sisemi kila kitu cha enzi zile kilikuwa kizuri. Kunyonya dizeli kwa mdomo kwa mpira nimepiga marufuku gerejini, maana ikiteleza ikaingia mapafuni, kifua hakitabaki kama kilivyokuwa. Na ule mtindo wa kuacha injini inaunguruma ndani ya banda lililofungwa huku watu wanakula ugali pembeni nao umekwisha. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mikono myeusi ilikuwa sifa yetu. Sasa navaa glovu, na wanaotaka kucheka wacheke.

Komonreli na spana ya 17

Komonreli si mambo ya jana. Lori la kwanza kuuzwa nayo lilikuwa Hino Ranger, huko Japani, mwaka 1995. Ni kutufikia tu ndiko kulikochelewa. Oktoba 2003 Tokyo na mikoa mitatu jirani ilianza kuyazuia malori ya dizeli yasiyofikia kiwango chao cha masizi, na hiyo ni sababu mojawapo ya magari mengi ya pampu kutafuta wanunuzi ng'ambo. Waliyoyakataa kwa moshi, sisi tuliyapokea kwa mikono miwili.

Mfumo wenyewe uko hivi. Pampu inajaza bomba moja nene, ndiyo reli, na kulishikilia kwenye shinikizo linalofika bar 1,600 na kuzidi. Nozeli zote zinachota humo, na kila moja inafunguliwa kwa umeme unaotoka kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, mara kadhaa ndani ya mlipuko mmoja. Ndiyo maana Elf inanguruma taratibu, haitoi moshi mweusi ikipanda mlima, na lita zake 3 zenye tabo haziachwi nyuma na lita 4.2 za Canter.

Mimi niliichukia kwa sababu ilininyang'anya ile spana ya 17. Bomba la reli halilegezwi injini ikiwa inawaka, abadani. Mafuta ya shinikizo lile yanapenya ngozi kama sindano. Mtu anaona kitone tu kidoleni, hakimuumi, anapangusa na kuendelea na kazi, kumbe dizeli imeshaingia chini ya ngozi na inaua nyama. Aliyepata hivyo aende hospitali saa hiyohiyo, asisubiri kivimbe, na amwambie daktari waziwazi kwamba ni mafuta ya shinikizo kubwa. Kuna watu wamepoteza vidole kwa kuambiwa ni mchubuko.

Basi kwa muda mrefu gari la namna hiyo likiingia nilikuwa naliangalia kama mgeni asiyebisha hodi. Taa ya injini imewaka, mashine ya kupimia sina, mwenye gari ananitazama mimi.

Chuki hiyo ilipunguzwa na chupa nne za maji ya kunywa. Kila nozeli ya komonreli ina mpira mdogo wa marejeo, unaorudisha tangini mafuta yaliyobaki, na huko shinikizo ni dogo. Chomoa mipira hiyo, unganisha kila tundu na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ingiza kila mmoja kwenye chupa yake, washa injini dakika chache. Chupa zikipanda sawasawa, nozeli zinalingana. Moja ikijaa haraka kuliko wenzake, hiyo inavuja ndani, ndiyo inayokunyima shinikizo la kuwashia asubuhi. Ni kipimo kilekile cha kuzilinganisha silinda, ila badala ya kusikiliza unatazama. Nilipokiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu.

Mashine ya mkononi ya kusoma makosa nayo nikainunua. Kosa linalojirudia sana kwenye magari haya ni P0087, yaani shinikizo la reli liko chini. Hapa ndipo wenye magari wanapoliwa. Fundi anasoma P0087, anasema pampu imekufa, lete pampu. Mara nyingi ni filta iliyoziba, au mpira unaovuta hewa kutoka tangini, au kile kivalvu cha SCV, kinachopima mafuta yanayoingia kwenye pampu ya Denso, kimeanza kunata. Kinachonata utakijua: injini inapanda na kushuka yenyewe ikiwa isilensa, halafu inazima ukiachia mafuta ghafla. Kivalvu kinauzwa peke yake. Anayetaka kukuuzia pampu nzima mwambie akuonyeshe kwanza filta ya zamani.

Nozeli ikibadilishwa, ile mpya ina namba zake ubavuni na zinatakiwa kuandikwa kwenye kontroli boksi. Fundi asiye na mashine ya kuandika ataifunga na gari litawaka, lakini litagonga na kula mafuta, na wewe utadhani umeuziwa feki.

Mwenye gari anasema mengine

Canter yangu ya pampu niliinunua nikijua nitaitengeneza mwenyewe, na kweli niliitengeneza mwenyewe. Tatizo ni kwamba si mimi tu. Gari linalotengenezeka kirahisi linatengenezwa na kila mtu: dereva, utingo, fundi wa kijiweni Ndanda, jamaa aliyepita na spana. Linarudi nyumbani na mpira wa pampu umefungwa kwa raba ya tyubu, boliti ya aina nyingine, na maelezo marefu. Ukitaka kujua dereva wa hesabu, yule anayekuletea kiasi mlichopatana, amefanya nini na injini yako, tazama waya mwembamba wa lakiri kwenye skrubu za pampu ya dizeli. Kiwanda kinaufunga ili kipimo cha mafuta kisiguswe. Wengi wanaukata, wanazungusha skrubu ili gari livute vizuri likipanda Newala na mzigo uliozidi. Kweli linavuta. Linatoa na moshi mweusi wa kufunika barabara, joto la ndani linapanda, na pistoni ya kwanza kuyeyuka utainunua wewe, siyo yeye.

Canter inasamehe sana, na kwa mwenye gari hilo ni tatizo. Haiwashi taa, haikatai kuwaka, inaendelea tu na ugonjwa wake huku kila mtu akisema "bado ina nguvu". Elf ikikosewa inapunguza nguvu yenyewe na kuwasha taa, na dereva hana la kufanya isipokuwa kukupigia simu. Nilipokuwa fundi tu, hilo lilikuwa linaniudhi. Nilipolipa mafuta kwa pesa yangu nikaanza kulipenda.

Mafuta ndiyo yanayoamua ubishi kwenye lami. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo, na sisi wa Kusini tunaangalia ile ya mafuta yanayoshushwa Bandari ya Mtwara. Bei hiyo haibagui gari, kiasi unachochoma ndicho kinachobagua. Kwa mzigo uleule, Masasi kwenda Mtwara na kurudi, komonreli iliyo nzima inabakiza mafuta tangini ambayo Canter ya pampu ingekuwa imeyamaliza. Gunia la korosho ni kilo 80 hivi, gari la tani nne linabeba magunia 50, na nauli mnapatana kwa gunia. Unachookoa kwenye tanki kila safari ndicho faida yenyewe, maana matairi, springi na klachi yanakula sawa kwa magari yote mawili.

Ila komonreli inataka mafuta safi, hapo haina mjadala. Tangu 2015 dizeli ya Afrika Mashariki inatakiwa isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni, na uchakachuaji wa kuchanganya mafuta ya taa ulipungua serikali ilipopandisha kodi yake mwaka 2011, kwa hiyo dizeli ya kituoni siiogopi kama zamani. Naogopa dumu. Kijijini ambako kituo hakipo, dizeli inauzwa kwenye madumu yaliyolala nje, yana maji chini na mchanga mdomoni. Canter itakohoa, utamwaga maji ya filta, itaondoka. Elf ukiinywesha hilo dumu unaweza kulipia nozeli zote nne kwa mkupuo, na bei ya nozeli nne za komonreli wengine wangeiita bei ya pikipiki.

Lami na vumbi

Kwa mzigo wa Masasi hadi bandarini Mtwara, au Lindi mjini, au kuelekea Mangaka na Tunduru hadi Songea, kote huko ni lami. Mtandao wa simu upo, na basi likitoka Dar usiku linaweza kukuletea kivalvu kesho yake. Hapo Elf. Gari likizima Nyangao halijapotea. Linavutwa hadi kwa fundi mwenye mashine, na hizo siku mbili za kusubiri umeshazilipia kwa mafuta uliyookoa. Isipokuwa ule mwaka wenye mambo yake, kama Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko na barabara ikakatika maeneo ya Kilwa. Wakati ule Canter yenye spea za kubahatisha ilikuwa mfalme.

Kwa Liwale, kwa vijiji vya ndani ya Nanyumbu, kwa mashamba yaliyo kwenye mchanga wa uwanda wa Makonde ambako gari linatambaa kwa gia ya kwanza na vumbi linaingia hata kwenye meno, chukua Canter ya pampu bila kuomba radhi kwa mtu. Vumbi linakula ringi za pistoni za magari yote, lakini lenye tabo linaliwa na mapanga ya tabo pia. Filta ya hewa huko isafishwe bila kusubiri kilomita za kitabuni.

Mwaka jana mpwa wangu alikuja na swali hilihili, akaliweka kwa heshima zote.

"Mjomba, sina haraka, ila nataka uniambie kama unamwambia mwanao."

"Mzigo wako uko wapi?"

"Liwale. Ufuta, halafu mbaazi."

"Dereva?"

"Mwenyewe, Mjomba. Utingo ni mdogo wangu."

"Chukua Canter. Na lakiri usiikate."

Angekuwa ameniambia anabeba saruji kwa mkataba na gari limekabidhiwa dereva asiyemjua, ningemwambia Elf, hata kama huku kwetu mjomba hutarajiwa kumpendekezea mpwa kitu atakachoweza kumsaidia kukitengeneza Jumapili.

Na kuna wanaoniuliza kuhusu lori kumbe hawahitaji dizeli kabisa. Anayebeba samaki kutoka Feri kwenda sokoni Mtwara mjini, au vinywaji vya duka, au viti vya sherehe, anunue Kirikuu ya petroli. Suzuki Carry ile ina injini ya cc 660 na Wajapani waliipangia kilo 350, wewe usiipangie tani. Dizeli haipendi safari za dakika kumi za kuwasha na kuzima. Kwenye Elf zenye chujio la masizi ndiyo shida kabisa: chujio linatakiwa kujichoma kwa safari ndefu yenye moto, ukizima kila mara halimalizi kazi, na dizeli iliyorushwa kwa ajili ya kuchoma inashuka kwenye oili.

Ukienda kulikagua

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, halafu ukifika gusa injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, ameficha jinsi linavyowaka asubuhi. Kwa Canter, fungua kifuniko cha oili likiwa linawaka: likipumua kwa nguvu na moshi, ringi zimechoka, lakini ringi na slivu zake zinapatikana mpaka hapa Masasi na kazi inafanyika chini ya mwembe, kwa hiyo hilo ni la kupunguza bei tu. Moshi mweupe usioisha baada ya injini kupata moto nauogopa zaidi, na maji ya rejeta yakiwa na utando wa oili, gari naliacha hapohapo.

Kwa Elf anza na kijiti cha oili. Kipimo kikiwa juu ya alama na oili inanuka dizeli, ni lile chujio, au nozeli inavuja. Uliza kama chujio limekatwa. Wengi wamelikata, na kazi ikiwa imefanywa vibaya taa haitazima maisha yake yote. Chomeka mashine, soma makosa, yafute, kisha zima na kuwasha uone yapi yanarudi. Halafu omba ruhusa ya zile chupa nne. Muuzaji anayekataa chupa za maji ameshakujibu.

Yote mawili, lala chini uangalie chasisi. Hapa Mtwara na Lindi magari mengi yamebeba chumvi na samaki, na maji ya chumvi yanaanza na mbavu za chasisi kabla hujaona chochote kwenye bodi. Gonga kwa nyundo ndogo, usikilize. Kwenye Canter kutu hiyo ni ya mchomeleaji. Kwenye Elf chomoa soketi ya sensa ya reli na ile kubwa ya kontroli boksi: ukikuta pini zimeota ukijani, hata injini iwe tamu namna gani, utakuwa umenunua gari la kuzima ovyo mahali ambapo hakuna kosa linaloonekana kwenye mashine. Angalia pia kama nyaya zimetafunwa. Lori la korosho likilala nje ya msimu na punje zake ndani ya bodi, panya wanahamia, na wakimaliza korosho wanaanza nyaya.